Nyawera: Buletini ya mtoto wa darasa la kwanza si rehani

BUKAVU, Kivu ya Kusini. Mwaka wa masomo 2024-2025 unafikia mwisho. Katika mashule ya Kikristo ya Nyawera, komini ya Ibanda, darasa la kwanza ndilo lenye furaha kuliko yote wakati huu. Watoto walioingia bila kujua kushika kalamu, leo wanaandika majina yao. Waliokuwa wanahesabu kwa vizibo vya chupa na vijiti, leo wanajumlisha bila kugusa kitu. Sala ya asubuhi wanaiongoza wenyewe, kila mmoja kwa zamu yake. Kilichobaki ni kurudisha vibao na vitabu, kujifunza wimbo wa kufunga mwaka, na kungoja siku ya proklamasio.

Siku hiyo mama atafunga meza yake sokoni mapema. Mtoto atavaa buluu na nyeupe iliyopigwa pasi. Ataitwa jina mbele ya watu, atapewa buletini yake, atapigiwa makofi, na ndugu zake watamrushia unga kichwani kama mtu aliyepata diploma. Lakini kufuatana na desturi ya miaka mingi katika mji huu, kuna watoto ambao majina yao yatarukwa. Hao hawakushindwa mtihani. Buletini zao zimejazwa, zimetiwa sahihi na muhuri, kisha zimefungiwa ndani ya kabati la mkurugenzi kwa sababu mzazi hajamaliza kulipa.

Desturi hiyo ni mbaya popote ilipo. Katika shule yenye msalaba ukutani ni mbaya zaidi, na katika mwaka kama huu haiwezi kupata mtetezi wa kweli. Mtoto wa miaka sita hana deni. Hakutia sahihi popote, hakuahidi kitu, hajui hata hesabu ya pesa anazodaiwa. Kumnyima karatasi yake ili mzazi aumie ni kumshika mtoto rehani.

Mwaka uliokuwa huu

Anayetaka kuwadai wazazi wa Bukavu akumbuke kwanza walipitia nini tangu Septemba. Mwaka ulianza kwa mgomo. Walimu wa mashule mengi ya serikali na ya makanisa, hapa Kivu ya Kusini na katika majimbo mengine, walikataa kuingia darasani wakidai mshahara unaomwezesha mtu kuishi. Dai lao lilikuwa la haki. Lakini wa darasa la kwanza, waliokuwa wamenunuliwa begi na daftari zao za kwanza, walibaki nyumbani wakiuliza kila asubuhi kama shule imefunguliwa.

Masomo yaliposhika njia, vita vikakaribia. Mwezi wa Januari 2025 watu wa Minova na vijiji vya kandokando ya ziwa walikimbia, wengine kwa mitumbwi na boti, wakafika Bukavu na mizigo ya kichwani tu. Goma ikaangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi huo. Tarehe 14 Februari ikawa zamu ya Kavumu na uwanja wake wa ndege, na tarehe 16 wapiganaji wakawa katikati ya Bukavu. Maghala na maduka yaliporwa. Benki zilifunga milango. Mwenye akiba hakuweza kuigusa, mwenye mshahara hakujua ataupokelea wapi, na aliyetumiwa pesa kwa simu alikatwa sehemu kabla ya kuishika mkononi. Mashule nayo yalifunga, na yalipofunguka tena wazazi wengi walisita kuwaachilia watoto wadogo njiani.

Mama anayeuza sambaza au lenga-lenga Nyawera anajua maana ya hayo yote. Barabara ikikatika, bidhaa haifiki. Mnunuzi asipolipwa mshahara, hanunui. Minervali ya trimesta ya pili ilitakiwa kulipwa wakati ambapo nyumba nyingi zilikuwa zinatafuta unga wa bugali wa siku hiyo.

Na hao ni wenyeji. Kuna jamaa zilizokimbia kutoka Kalehe, Kabare na Walungu, zinazolala kwa ndugu au kwa wasamaria, watu wanane au kumi ndani ya chumba kimoja. Baadhi walikwisha kupoteza kila kitu hata kabla ya vita hivi, pale mafuriko ya Mei 2023 yalipobomoa Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Mtoto wa jamaa kama hiyo akifika darasani, akakaa benchi moja na wengine watatu, akamaliza mwaka akijua kusoma silabi, amefanya kazi kubwa. Shule inayomrudisha nyumbani mikono mitupu imemwambia kwamba kazi hiyo si kitu.

Karatasi ile ina uzito gani

Wako wanaodhani buletini ni karatasi ya furaha tu, kwamba mtoto anaweza kuipata hata baadaye. Kwa jamaa iliyotulia, labda. Kwa jamaa ya wakimbizi wa vita mambo ni mengine kabisa.

Buletini ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto amemaliza darasa la kwanza na anastahili kuingia la pili. Mzazi akihamia Uvira, akirudi Kalehe, au akivuka mpaka, mkurugenzi wa shule mpya ataomba karatasi hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Asipoiona, mara nyingi anamrudisha mtoto nyuma. Hivyo mtoto anapoteza mwaka mzima kwa deni ambalo lingeweza kulipwa kwa awamu. Jamaa nyingi zilikimbia bila cheti cha kuzaliwa, bila kadi ya mpiga kura ya baba, bila chochote chenye muhuri. Katika nyumba hizo buletini ya mtoto inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee inayosema jina lake, umri wake, na mahali alipokuwa mwaka huu.

Tena mwaka ukipotea, haupotei peke yake. Mtoto wa miaka saba anayekaa na wa miaka sita huvumilia. Akirudishwa mara ya pili akiwa na miaka minane au tisa, huona haya, huanza kubaki sokoni na mama, kisha anazoea. Kila mtu Bukavu anawaona watoto wanaouza maji na karanga barabarani saa za masomo. Wengi wao hawakuamua kuacha shule. Waliachishwa kidogo kidogo, na kukosa karatasi ni mojawapo ya njia za kumwachisha mtoto bila mtu yeyote kulaumiwa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika mashule ya serikali. Kwa miaka mingi kilibaki kwenye karatasi, mpaka Septemba 2019 serikali ilipotangaza kuanza kukitekeleza. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020 kwa ajili ya kazi hiyo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto nayo inathibitisha haki ya kila mtoto ya kusoma.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Shule yenye jina la mtakatifu, au yenye namba ya jumuiya ya Kiprotestanti mbele ya jina lake, mara nyingi ni shule ya mkataba. Mkataba huo kati ya serikali na makanisa ulitiwa sahihi mwaka 1977: kanisa linaongoza, serikali inalipa walimu na kuweka programu. Shule ya namna hiyo ni ya serikali kisheria, na ubure wa elimu ya msingi unaihusu sawasawa na shule isiyo na msalaba. Mkurugenzi wake hawezi kuwa wa serikali siku ya kuomba walimu walipwe, kisha akawa wa kanisa peke yake siku ya kudai minervali. Kumnyima mtoto buletini kwa pesa ambayo haikutakiwa kudaiwa ni kosa juu ya kosa.

Shule ya kibinafsi ni jambo lingine. Huko mzazi alikubali kulipa, na bila malipo yake mwalimu hana mshahara. Deni hilo ni halali. Lakini hata huko, anayedaiwa ni mtu mzima aliyekubali. Kuna njia za kumdai mtu mzima: kumwita, kuandikiana, kumpa muda, kumpeleka mbele ya kamati ya wazazi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopita mwilini mwa mtoto.

Hoja ya mwalimu mwenye njaa

Wakurugenzi wana jibu, na lisidharauliwe. Wanasema mwalimu naye ana watoto. Wanasema wakitoa buletini zote bila kudai, hakuna mzazi atakayelipa tena. Wanasema wako wazazi wenye uwezo wanaojificha nyuma ya vita, wenye pesa ya bia na ya harusi lakini wasio na pesa ya shule.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, na historia yake ni ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Zaire ilipoacha kuwalipa walimu inavyofaa, wazazi na makanisa walikubaliana kuchanga ili mashule yasife. Mchango huo ulikuwa wa dharura. Ukageuka kuwa mazoea, mazoea yakawa kodi, na kodi hiyo ikapanda mpaka ofisi za juu ambazo hazifundishi mtoto yeyote. Wazazi wa Kivu wamebeba mashule mgongoni kwa karibu miaka thelathini. Hakuna anayeweza kuwaita wavivu au wasiojali elimu. Na mwalimu wa darasa la kwanza anayebaki kazini bila mshahara wa uhakika, akiwafundisha watoto sitini au zaidi katika chumba kimoja, anastahili heshima kuliko viongozi wengi wanaopigiwa saluti.

Lakini anayedaiwa mshahara wa mwalimu huyo ni nani? Ni serikali iliyomwahidi, na ni wale wanaoshika mji na kukusanya kodi humo leo. Kelele zielekezwe huko. Askofu, mchungaji na mratibu wa mashule wana sauti inayosikika. Waitumie kwa wenye bunduki na wenye hazina. Kumgeukia mtoto wa mkimbizi ni kumtafuta aliye dhaifu kuliko wote kwa sababu hawezi kujibu.

Hoja ya pili haina nguvu kama inavyoonekana. Mzazi asiye na pesa hapati pesa kwa sababu buletini imefungiwa. Anaona haya, anaacha kuja shuleni, na Septemba anampeleka mtoto pengine au anamwacha nyumbani. Shule imepoteza deni na imepoteza mwanafunzi. Kabati la mkurugenzi linabaki na karatasi za watoto ambao hakuna anayejua walikokwenda.

Ya tatu inajibiwa kwa kazi kidogo. Kamati ya wazazi inawajua watu wa mtaa. Inajua nani anajenga ghorofa na nani analala jikoni kwa shemeji yake. Mwenye uwezo aitwe kwa jina lake, adaiwe. Hakuna haja ya kuwaadhibu ishirini ili kumpata mmoja.

Makofi na aibu

Kuna jambo jingine la siku ya proklamasio linalohitaji kusemwa. Kumsoma mtoto wa miaka sita mbele ya umati kwamba amekuwa wa hamsini na nane kati ya sitini, na asilimia zake, hakumfundishi chochote. Anajifunza tu kwamba yeye ni mjinga na kwamba baba yake amesikia. Wa kwanza apongezwe, ni vizuri. Lakini mwisho wa orodha usigeuzwe kichekesho cha uani.

Mwaka huu hasa, namba hizo zinadanganya. Mtoto aliyeingia Februari akitoka Minova hawezi kulinganishwa na aliyekaa Muhumba mwaka mzima akiwa na kaka wa kumfundisha jioni. Mmoja alipimwa masomo, mwingine alipimwa bahati. Kumwandikia huyo wa Minova kwamba amefeli na arudie darasa ni kumwadhibu kwa kukimbia mabomu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Watoto wengi wanaofika kutoka vijijini wanasema Mashi au Kihavu nyumbani, na Kiswahili wanakichukua njiani na sokoni. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kama njia ya kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo kuna mashule yanayojivunia kuwauliza watoto wa darasa la kwanza kila kitu kwa Kifaransa, kwa sababu wazazi wa mji wanapenda kusikia hivyo. Mtoto anajua tatu na nne ni saba. Anaulizwa kwa Kifaransa, ananyamaza, anaandikiwa sifuri. Hapo hesabu haikupimwa.

Mwalimu mwenye nia njema anajua kutofautisha asiyejua na asiyeelewa swali. Anajua pia kwamba wiki chache za masomo ya kufidia wakati wa likizo, kila asubuhi, saa mbili tu, zinaweza kumwinua mtoto kuliko mwaka mzima wa kurudia. Parokia zina vyumba. Makanisa ya Kiprotestanti yana vyumba. Vijana waliomaliza sekondari bila kazi wako wengi, na wengine wangekubali kwa nauli tu.

Nyawera na jina la Kikristo

Shule inayoitwa ya Kikristo imejitwika mzigo yenyewe. Hakuna aliyeilazimisha. Watoto wa darasa la kwanza wamefundishwa mwaka mzima kwamba Yesu aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto kumkaribia. Wamechora picha yake, wameiimba. Kisha siku ya mwisho wanaona mlango unafungwa mbele ya rafiki yao kwa sababu ya pesa. Somo hilo la mwisho ndilo watakalolikumbuka, kwa sababu wameliona kwa macho.

Na hapa ni Nyawera. Tarehe 29 Oktoba 1996, katika mtaa huu, aliuawa Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu na Mjezuiti. Viongozi walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki na watu wake. Alikuwa amewatetea wakimbizi wakati ambapo hakuna aliyetaka kusikia habari zao, na aliwatetea wakaaji wa Bukavu pia, bila kuchagua. Mashule ya mtaa huu humtaja kwa fahari kila mwaka mwezi wa Oktoba. Kumtaja Oktoba na kumrudisha mtoto wa mkimbizi bila buletini Julai ni mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Kifanyike nini kabla ya milango kufungwa

Kwanza, kila mkurugenzi wa shule ya Kikristo Nyawera atoe buletini zote za darasa la kwanza siku ya proklamasio, bila kuruka jina. Deni la mzazi liandikwe kwenye daftari pembeni, mzazi atie sahihi, apewe miezi.

Pili, jamaa za wakimbizi wa vita zisamehewe kabisa, kwa orodha itakayothibitishwa na kamati ya wazazi pamoja na wakuu wa avenyu. Sadaka ya Jumapili moja katika kila kanisa la mtaa inaweza kusaidia walimu wa darasa hilo. Kanisa linalochangisha kwa ajili ya paa na vyombo vya muziki haliwezi kusema halijui kuchangisha.

Tatu, michango ya sherehe, ya keki, ya picha na ya vinywaji isiwe sharti la mtoto kuingia uani. Asiyechangia aketi na wenzake, anywe na wenzake.

Nne, mtoto aliyepoteza miezi kwa sababu ya vita asiandikiwe kurudia bila kupewa nafasi ya masomo ya kufidia na kupimwa tena kabla ya Septemba, kwa lugha anayoielewa.

Wazazi nao wasikae kimya. Anayenyimwa buletini aombe sababu kwa maandishi. Asipojibiwa, apitie kamati ya wazazi, kisha uratibu wa mashule ya kanisa husika, Katoliki au Kiprotestanti, kisha ofisi ya elimu inayosimamia shule hiyo. Asiende peke yake. Watano wakienda pamoja, mlango hufunguka upesi. Na mzazi mkimbizi ambaye karatasi za mtoto zilibaki kijijini asikubali mtoto arudishwe nyuma hivi hivi. Aombe apimwe, awekwe darasa analoliweza.

Mwalimu wa darasa la kwanza naye ana neno lake katika jambo hili. Yeye ndiye aliyeushika mkono wa mtoto mpaka herufi ya kwanza ikanyooka. Alama ameziandika yeye, na anajua ni za nani. Siku ya proklamasio, jina likirukwa, ana haki ya kulitaja.